Kabati Lililokataa Kuwa Jeupe

Mwanga wa asubuhi uliingia dirishani, ukajitandaza sakafuni kama mkeka, ukapanda miguu ya kabati, ukafika kifuani pake, ukazama. Haukurudi. Kabati lilikuwa la kahawia nzito, kahawia ya chai iliyosahauliwa jikoni mpaka sufuria ikaomba msaada, na mwanga ulipotelea humo kama maji mchangani.

Mbele yake alisimama kijana mwenye brashi moja na maneno elfu.

"Shangazi, sogeza kiti uone," alisema. "Mkono wangu ukipita mara moja, narudia, mara moja, hata mti husahau kwamba ulikuwa mti."

"Leta mkono," shangazi yake akamjibu bila kuinua kichwa, maana alikuwa ameshika kidole cha mteja na kichupa cha rangi nyekundu. "Mdomo tumeshauona."

Walimwita Tayari. Si jina alilopewa na mama yake, alilipata kwa jasho, kwa kusema "Tayari!" kabla kitu hakijawa tayari. Alipaka viti akasema tayari, wageni wakakaa, wakainuka na mistari nyuma kama pundamilia wa kukodi. Alipaka mlango akasema tayari, mlango ukagandana na fremu yake kwa mapenzi mapya, na mwenye nyumba akaenda kulala kwa shemeji. Lakini mkono alikuwa nao, hilo hata maadui hawakumnyima. Kilichopungua ni subira, na subira haiuzwi kwa kopo.

Katika nyumba ile wapaka rangi walikuwa wawili. Shangazi alipaka kucha barazani, Tayari alipaka samani popote palipo na nafasi, na kila mmoja aliiona kazi ya mwenzake kuwa mchezo wa watoto. "Zangu ni ndogo lakini zinakaa," shangazi alipenda kusema. "Zako ni kubwa lakini zinahama."

Na kabati? Kabati lilikuwa la bibi.

*

Bibi, mama mzazi wa shangazi, alikuwa ameona dunia ikinyauka kidogo kidogo. Kwanza uzi ulikataa kuingia kwenye sindano. Halafu nyuso zikawa nyama bila macho. Halafu kila kitu, shuka, maziwa, mwezi, karatasi, kikawa na rangi moja ya kutu, kana kwamba kuna mtu aliyepitisha kitambaa kichafu juu ya siku zote.

Mtoto wa jicho, daktari alisema, na yuko kwenye macho yote mawili. Jicho moja likasafishwa. Bibi akarudi nyumbani amevaa miwani myeusi ambayo aliagizwa asiivue kwanza, mpaka jicho litulie.

"Nimezaa wengi," aliwaambia majirani waliokuja kumpa pole, "lakini huyu wa jicho ndiye pekee niliyefurahi kumtoa nyumbani."

Walicheka. Yeye hakucheka sana. Chumbani, peke yao, alimshika Tayari mkono akamwita kama bibi anavyomwita mjukuu wake wa kiume.

"Mume wangu, nisikilize. Jicho la pili naliogopa. Kisu nilikisikia. Si maumivu, lakini nilikisikia, kama mtu anayetembea juu ya bati la nyumba yako. Sitaki kurudi kule bure. Sasa, lile kabati la babu yako lipake jeupe. Siku ya kuvua miwani nataka niliangalie lile kwanza kabla ya uso wa mtu yeyote. Nyie watu mnanipenda, mtanidanganya. Kabati halijui kudanganya. Nikiliona jeupe, nitakwenda kwa la pili. Nikiliona kahawia, basi, nitajua jicho ni lile lile, na mwili huu hauguswi tena."

"Bibi, lakini rangi ya babu..."

"Rangi ya babu yako naijua. Nikifumba macho naiona. Alikuwa hajui kusema nakupenda yule. Alikuwa anajua kupaka kabati. Kila mwaka alichemsha magome, akatia misumari yenye kutu, akachovya kitambaa, akalinywesha. Kila mwaka. Mti ule umenywa mapenzi mpaka ukalewa. Hayo nimeshayaona. Nataka kuona ambacho sijakiona."

Tayari alitoka chumbani akiwa na jicho la mtu kwenye ncha ya brashi. Na kwa kuwa alikuwa Tayari, badala ya kuogopa, alijisifu.

*

Akapaka. Akapaka juu kwenda chini, chini kwenda juu, akapaka kingo, akapaka mabega, akapaka kifua. Rangi ilikuwa ya maji, nyororo kama mtindi, na ilipita juu ya kahawia kama asubuhi inavyopita juu ya mapaa. Ilipofika jioni kabati lilikuwa limesimama jeupe pe, bi harusi wa miguu minne.

"Tayari!"

Kutoka chumbani bibi akauliza, "Mume wangu, weupe umefika?"

"Umefika, Bibi. Unavua viatu mlangoni."

Wakalala. Kukapambazuka. Na mti ukakumbuka.

Kwenye mlango wa kabati, katikati ya ule weupe, palikuwa na wingu la njano lenye kingo za kahawia, kama jasho kwapani mwa shati la sherehe. Jingine lilikuwa kwenye bega. Jingine, refu, lilishuka kutoka kwenye tundu la ufunguo kama mtu aliyelia akaacha kujifuta.

Shangazi alisimama na kikombe chake cha chai. Akatazama kikombe, akatazama kabati, akatazama kikombe.

"Limekunywa na lenyewe?"

"Ni moshi wa jikoni huo."

"Jiko liko nyuma ya nyumba na upepo unaelekea kwa jirani."

"Basi ni unyevu. Kuta hizi zinapumua, Shangazi, hujui tu."

Akapaka tena. Rangi ile ile, mkono ule ule, nzito zaidi kidogo. Jioni likawa jeupe. Bibi akauliza kutoka chumbani, weupe umefika? Akaambiwa umefika, Bibi, unaomba maji ya kunywa.

Kukapambazuka. Na mti ukakumbuka.

Safari hii mawingu yalikuwa yameungana, yakachora ramani ya nchi isiyo na serikali. Tayari aligusa kwa kidole. Pakavu. Akalamba kidole, akatema. Palikuwa pachungu. Magome yalikuwa yamepanda. Dawa ya babu ilikuwa imesikia maji ya rangi yakibisha hodi, ikaamka, ikapanda na maji hayo hadi juu, ikakaa barazani kuona nani amekuja.

Maana rangi ni shuka tu. Humfunika mtoto asiyetaka kulala, haimlazi.

Hilo Tayari hakulijua bado. Alichojua ni shuka, basi akaleta shuka jingine. Akapaka nzito, akapaka kwa hasira, akapaka kwa bembelezo. "Ewe mti," alinong'ona, shavu lake karibu na mlango, "nimekukosea nini? Babu nilimpenda na mimi. Nipishe kidogo." Rangi ikajikunja pembeni kama ngozi ya maziwa. Ikakauka.

Kukapambazuka. Mti ukakumbuka, na safari hii ulikumbuka kwa sauti.

*

Barazani hapakuwa na mteja. Shangazi alikuwa akijipaka kucha zake mwenyewe, mkono wa kushoto umelala gotini kama paka. Tayari akaketi kwenye ngazi, suruali nyeupe, nyusi nyeupe, moyo wa njano.

"Miwani inavuliwa lini?" akauliza.

"Keshokutwa. Daktari amesema."

Tayari akanyamaza. Kwake kunyamaza kulikuwa ugonjwa. Shangazi akamtazama kwa wasiwasi. Halafu likatoka, taratibu, lile wazo ambalo lilikuwa limemkaa kooni tangu alfajiri.

"Shangazi, jicho lake si jipya? Jicho jipya halijazoea. Akivua miwani akasema naona njano, sisi tutasema, aa, Bibi, mbona jeupe hili? Ni jicho tu linajifunza. Lipe muda. Wewe utasema jeupe, mimi nitasema jeupe, jirani tutamwita aseme jeupe. Watatu dhidi ya mmoja."

Shangazi akarudisha kibrashi ndani ya kichupa. Akakifunga. Akakizungusha mpaka mwisho.

"Rudia."

Hakuweza. Yapo maneno ambayo mtu huyasema mara moja kwa sababu mara ya pili angejisikia.

"Mama yangu," shangazi alisema, "ameishi kwa kuuliza. Hiki ni nini, kile ni nini, huyu ni nani, chumvi iko wapi. Na sisi tukimjibu. Wakati mwingine vizuri, wakati mwingine kwa kuguna. Leo amepata jicho la kujijibu. Na wewe, mtoto wa kaka yangu, unataka umharibie jicho zima kwa sababu ya mkono wako mbovu? Atakwambia asante. Atavaa miwani tena. Na la pili atakufa nalo vile vile."

"Basi nifanye nini? Nimepaka mpaka kopo limelia!"

"Sijui. Mimi napaka kucha."

Akafungua kichupa kingine, kisicho na rangi kabisa, kama maji yaliyonenepa. Akapitisha kwenye ukucha wa kwanza wa mkono wa kulia, wa pili, wa tatu. Wala hapakuonekana kitu. Tayari akasema utani wa zamani.

"Hapo unapaka nini sasa? Hewa?"

"Napaka ya chini."

"Si upake nyekundu moja kwa moja? Watu wana haraka."

"Ndiyo hao wenye haraka wanaokuja na kucha za njano." Alivipulizia vidole. "Ukucha unakunywa nyekundu, wewe. Ukiifuta, ukucha unabaki na njano wiki nzima. Ya chini inakaa katikati. Nyekundu isishuke, ukucha usipande. Kila mtu na chumba chake. Mbona hili hata wasichana wadogo wanajua?"

Kinywa cha Tayari kilikuwa wazi. Inzi akapita karibu, akaghairi.

"Kila mtu na chumba chake," alisema.

Akakinyakua kile kichupa akakimbia nacho ndani.

"Wee! Ya kwangu hiyo! Nina mkono mmoja uchi!"

*

Hakupaka kabati zima. Hata Tayari alijua kwamba kupaka kabati kwa kichupa cha kucha ni kuchota ziwa kwa kijiko. Alipaka kiraka kimoja pembeni, cha ukubwa wa kiganja, juu ya ile njano. Akasubiri kikauke. Akapitisha rangi nyeupe juu yake na juu ya sehemu za jirani. Halafu akafanya jambo ambalo halijawahi kuandikwa katika historia yake: aliondoka bila kusema neno.

Kukapambazuka. Pande zote mti ulikuwa umekumbuka, njano na kahawia, mawingu na machozi. Lakini pale, kwenye kile kiganja, palikuwa peupe. Peupe kama yai. Peupe kama jino la mtoto likichungulia.

Alipiga kelele mpaka bibi akagonga ukuta. "Kuna nini? Weupe umefika?"

"Umetuma mjumbe, Bibi!"

Alifika dukani kabla mlango haujafunguliwa wote, akapita akiwa ameinama. Muuza rangi, mtu mwenye tumbo na huruma, alimsikiliza mpaka mwisho: magome, misumari, babu, kucha, bibi, jicho. Kisha akatia mkono chini ya meza.

"Hadithi ndefu kwa shelaki tu," alisema.

Vilikuwa vipande vyembamba, vya rangi ya asali, kama mabawa ya wadudu yaliyokauka juani. Unavitia kwenye spiriti, unavisubiri viyeyuke, unapaka mti kabla ya rangi, na kilichoko ndani kinabaki ndani. "Na usipake juu ya rangi yako hiyo iliyojikunja," muuza rangi akaongeza. "Itoe. Anza na mti wenyewe."

Akaitoa. Ee, aliitoa! Alisugua kwa msasa shuka zote alizokuwa amelifunika kabati, na vumbi lilipanda jeupe, likageuka la krimu, likageuka la kahawia, mpaka alipofika mahali ambapo mkono wa babu ulipita na kitambaa chake. Hapo akasimama kidogo. Mti ulikuwa laini chini ya kiganja, laini kama shingo ya farasi, na alielewa kwamba hakutumwa kuufuta. Nani awezaye kufuta ulichokunywa mti? Alitumwa kuufungia mlango tu, taratibu, kama mtu anavyofunga mlango wa chumba anacholala mzee.

Akapaka shelaki. Harufu yake kali ilipanda puani ikakaa kama mpangaji asiyetaka kuhama. Madirisha yakafunguliwa yote. Kahawia ikang'aa chini ya ile asali, ikawa nzuri kwa mara ya mwisho, nzuri kiasi kwamba shangazi alikuja akasimama kutazama, kucha tano zikiwa nyekundu na tano zikiwa uchi.

"Mnapika nini huko?" bibi aliuliza.

"Tunapika subira, Bibi. Haijaiva."

Ikakauka. Akapaka tena, mkono wa pili, maana mti mlevi haufungiwi kwa kitasa kimoja. Shangazi akapita. "Tayari?" akamuuliza, si kwa jina, kwa swali.

Kijana akagusa kwa ncha ya kidole. Kidole kikanasa kidogo, kikaachia.

"Bado," alisema.

Neno dogo. Lilikuwa halijawahi kupita kwenye mdomo ule. Shangazi alikwenda barazani akakaa, akalifikiria.

Kisha nyeupe. Nyembamba, si ya hasira, si ya bembelezo. Ikakauka. Nyembamba tena. Nyumba ikalala, isipokuwa mmoja aliyelala jicho moja wazi, akisikiliza kama mti utakohoa.

Kukapambazuka.

Mti ulinyamaza.

*

Walimleta bibi akiwa katikati yao, shangazi kulia, Tayari kushoto, wakapita kwenye korido iliyonukia spiriti na sabuni. Bibi alikuwa amejifunga khanga safi kana kwamba ni yeye atakayetazamwa. Wakamsimamisha. Tayari akasogeza pazia nusu, kama daktari alivyosema, mwanga usimvamie.

"Nisishikwe," bibi alisema.

Wakamwachia. Mkono wake ulipanda kwenye miwani. Shangazi aliuma kucha. Aliiuma nyekundu, kazi yake mwenyewe.

Miwani ikashuka.

Mwanga ulikuwa sakafuni, umejitandaza kama mkeka. Ulipanda miguu ya kabati, ukafika kifuani pake, na haukuzama. Uligonga weupe ukarudi. Ulirudi ukajaa chumba, ukapanda ukutani, ukapanda dari, ukamwangukia bibi usoni kama maji ya kunawa, na bibi akafumba macho, akafumbua, akafumba, akafumbua, akinawa.

"Kumbe nyeupe ni nyeupe hivi," alisema.

Hakuna aliyemjibu. Hakuwa ameuliza.

Akageuka taratibu, na lile jicho likaanza kutembelea nyumba yake. Likaona ufa wa dari. Likaona saa iliyosimama. Likamwona binti yake, likakaa hapo muda mrefu.

"Mwanangu. Umezeeka."

"Jicho linafanya kazi," shangazi alisema, akicheka huku machozi yakimfika kidevuni.

"Na wewe, mume wangu, kumbe masikio ni haya? Mbona hamkuniambia? Siku zote hizi natembea na mwanamume mwenye masikio kama madirisha!"

"Ndiyo maana nasikia ushauri, Bibi."

"Husikii wewe. Una masikio, husikii." Alikwisha kugeukia kabati tena. Alilisogelea, akapitisha kiganja mlangoni, kwenye bega, kwenye tundu la ufunguo. Jicho lilitangulia, mkono ukafuata. Zamani ilikuwa kinyume. Alishuka nalo polepole, mkono gotini, mpaka karibu na sakafu, upande wa ndani wa mguu wa mbele. Hapo akaacha.

"Na hiki?"

Tayari aliinama. Akakiona. Doa dogo la kahawia, dogo kama mbegu ya papai, mahali ambapo mtu aliyechoka kuinama anaweza kusema moyoni mwake kwamba hapa nani atatazama, akaipitisha nyeupe juu kwa juu bila shelaki. Mtu wa namna hiyo alikuwepo siku ile. Alikuwa na masikio makubwa.

Na mdomo ule, ambao ulijifunza neno moja tu jipya, ukarudi kwa ndugu zake wa zamani.

"Kivuli hicho, Bibi."

Kiwiko cha shangazi kilimfika mbavuni, lakini neno lilikwisha kutoka.

Bibi alinyoosha mkono wake kati ya dirisha na kabati, mkono mwembamba, wenye mishipa, na kivuli chake kikaanguka juu ya ule mguu mweupe, chepesi, chenye vidole vitano. Akausogeza mkono. Kivuli kikasogea. Akaurudisha. Kikarudi. Kilipita juu ya lile doa, kikaenda, kikaja, kikaenda. Doa lilikaa.

"Changu kinatembea," bibi alisema. "Chako kimekaa kitako."

Tayari alikuwa amekamatwa mchana kweupe, na jicho lililokuwa na umri wa siku chache. Alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, ndani ya ule mwanga, na shangazi akacheka, akimpiga kwa khanga begani, mwongo mkubwa we, mwongo wa mchana we.

Bibi alisubiri wamalize. Alikuwa bado ameinama, akitazama kutoka kwenye doa kwenda kwa mjukuu wake, kutoka kwa mjukuu kwenda kwenye doa, kama mtu anayelinganisha vitambaa dukani.

"Mwanangu," alimwambia shangazi, "mpigie yule daktari. Mwambie nataka la pili wiki hii hii. Huyu hatazamwi kwa jicho moja."